Kifaa cha Mdomoni kwa Wanaokatikiwa na Pumzi Usingizini

Wengi wetu tumsikiapo mtu akikoroma husema amepata usingizi wa pono. Lakini akikoroma, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka akitweta, huo si usingizi wa raha. Yamkini anakatikiwa na pumzi.

Katika maradhi hayo nyama za koo hulegea, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikazibika kwa sekunde 10 au zaidi, mara nyingi katika usiku mmoja. Mchana mgonjwa husinzia kazini. Naye akiwa dereva, roho za abiria zimo hatarini. Shinikizo la damu nalo huandamana sana na maradhi hayo.

Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Australia walieleza tiba ya mashine isukumayo hewa puani kwa kinyago. Kwa nguvu, tiba hiyo ndiyo ya kwanza mpaka leo. Hata hivyo, wagonjwa wengi huchoshwa na kinyago wakakivua kabla ya alfajiri.

Kwa hao kipo kifaa cha mdomoni, kitengenezwacho kwa kipimo cha meno ya mgonjwa mwenyewe. Hulisogeza taya la chini mbele kidogo, nao ulimi hufuata, na koo hupanuka.

Je, chafaa kweli? Wataalamu wa Australia walichapisha uchunguzi wao mwaka 2013. Wagonjwa 108 walitumia kila tiba kwa mwezi mmoja. Pumzi zilizokuwa zikizuilika kiasi cha mara 25 kwa saa zilipungua hadi 4 au 5 kwa mashine, na 11 kwa kifaa. Lakini mashine ilitumiwa kama saa 5 kwa usiku, kifaa saa 6 na nusu. Hatimaye shinikizo la damu na usinziaji wa mchana havikutofautiana sana.

Twajifunza kwamba tiba kali iliyoachwa kando ya kitanda haimponyi mtu.

Hata hivyo, kifaa kina kasoro zake: mate hutoka, taya huuma, na baada ya miaka meno huweza kuhama. Asiye na meno ya kutosha huenda kisimfae. Tena, kukoma kwa mkoromo si ushahidi wa kupona. Sharti mgonjwa apimwe upya usingizini, kifaa kikiwa mdomoni. Basi, aambiwaye na mwenzake kwamba usiku hukata pumzi, asicheke. Na aende kwa daktari.