Bustani ya Mboga: Usilete Jani Peke Yake



Watu wengi wanaofika katika ofisi ya kilimo kuuliza habari za mboga huja wameshika jani moja mkononi. Jani hilo lina madoa, au lina matundu, au limegeuka rangi ya manjano, na swali ni lile lile: "Nitumie dawa gani?" Swali hilo ni gumu kujibu, kwa sababu jani halisemi habari yote. Mara nyingi ugonjwa umo katika mizizi, au mdudu amelala udongoni karibu na shina. Pengine hakuna ugonjwa wala mdudu, ila maji yametiwa vibaya. Mtu akinunua dawa kabla ya kujua taabu inatoka wapi, hutupa fedha zake; tena huweka sumu juu ya chakula kitakacholiwa na watoto wake jioni.

Kwa hiyo mwezi huu tunaeleza taabu zinazompata zaidi mtu anayeanza bustani ya nyumbani, na namna ya kuitambua kila moja kwa macho na mikono yako mwenyewe.

ANZA KWA KIDOGO

Skimu za Ekari Milioni Moja zilipoanza mwaka 1962, hesabu ya shamba katika nyanda za juu ilitegemea ng'ombe wa maziwa na mazao ya kuuza kama pareto. Siku hizi mashamba mengi ya skimu yamegawanyika kwa watoto na wajukuu, na kila shilingi ya maziwa ina kazi yake. Andika katika daftari fedha unazotoa dukani au sokoni kwa sukuma wiki, nyanya na vitunguu kwa mwezi mmoja tu. Hesabu hiyo itakuonyesha faida ya bustani kuliko maneno yetu.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kulima mahali pakubwa. Wiki mbili za kwanza hufanya kazi kwa bidii, kisha magugu na kiu ya mimea humshinda. Ni afadhali uanze na vitanda 3, kila kimoja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Kitanda kimoja cha namna hiyo kitachukua miche 22 ya sukuma wiki katika mistari miwili, ikiwa kati ya mche na mche ni sentimita 45. Upana wa mita 1 unatosha, maana utafika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo uliolainishwa.

Chagua mahali penye jua, karibu na maji, ambapo kuku na mbuzi hawafiki. Tia samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila hatua mbili kwa hatua mbili. Samadi iliyooza haina joto ukiingiza mkono ndani, haina harufu kali, nayo huvunjika kama udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi ya miche na huleta magugu. Tena ukiitia penye karoti, karoti huota vidole viwili au vitatu badala ya kushuka moja kwa moja. Mawe na madongoa magumu huleta taabu hiyo hiyo. Karoti usizihamishe; panda mbegu zake pale pale zitakapokua.

MICHE INAANGUKA KITALUNI

Mbegu zimeota vizuri, halafu siku moja asubuhi unakuta miche imelala chini kama iliyokatwa. Inama uitazame. Ukiona shina limekuwa jembamba na laini pale linapogusana na udongo, basi ni ugonjwa wa ukungu. Ukungu huo hupenda kitalu chenye maji mengi, kivuli kingi na miche iliyosongamana.

Miche iliyokwisha kuanguka haiponi. Ing'oe, na uokoe iliyobaki: punguza kivuli, punguza maji, na ng'oa miche mingine ili hewa ipite. Mara nyingine fanya kitalu mahali papya. Panda mbegu katika mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15, kina cha sentimita 1 tu, nazo zisirundikane. Funika kwa nyasi kavu, na mbegu zikianza kuchomoza uondoe nyasi hizo jioni. Mwagilia asubuhi, ili udongo wa juu ukauke kabla ya usiku.

Sukuma wiki na kabichi huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki 4 hadi 6. Juma la mwisho punguza maji na kivuli ili miche izoee jua. Hamisha jioni au siku ya mawingu, na kila mche uende na udongo wake.

MICHE INAKATWA USIKU

Hapa mche uliohamishwa huonekana umekatwa karibu na ardhi, na pengine kipande cha juu kimeachwa hapo hapo. Wengine hulaumu panya au jirani. Chukua kijiti ufukue udongo kuzunguka shina, kina cha vidole viwili au vitatu. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya kijivu au kahawia, naye akiguswa hujikunja kama pete. Huyo hula usiku na mchana hulala, basi ukipulizia dawa majani wakati wa mchana humpati.

Fukua kila asubuhi penye mche uliokatwa na umwue, maana usipomwua atakata mche mwingine usiku unaofuata. Lima kitanda wiki mbili au tatu kabla ya kupanda na kuondoa magugu yote, ili viwavi wakose chakula na ndege wawapate. Kisha zungushia kila mche ukosi wa karatasi ngumu au ganda la mgomba, sentimita 2 au 3 ndani ya udongo na sentimita 5 juu. Kazi hii haina gharama, na kwa miche 22 haichukui hata saa moja.

MAJANI YANAJIKUNJA

Geuza jani la sukuma wiki utazame upande wa chini. Ukiona wadudu wadogo wengi wa rangi ya kijivu, kama waliopakwa unga, hao ni vidukari. Hunyonya maji ya jani, nalo hujikunja na kudumaa. Huzidi sana wakati wa jua kali.

Wakiwa katika majani machache, yachume majani hayo na kuyafukia mbali. Wakiwa wengi, changanya kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji katika lita 4 za maji, unyunyize upande wa chini wa majani wakati jua limepungua. Sabuni huua wale tu inaowagusa, kwa hiyo rudia baada ya siku chache, na uoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Lakini kabla ya kunyunyiza, tazama kama wamo wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi mgongoni. Hao ni wasaidizi wako. Wao na watoto wao hula vidukari, nayo dawa kali huwaua pamoja na adui.

KABICHI INANYAUKA MCHANA

Mkulima mmoja alileta jani la kabichi lililokuwa la manjano. Alikuwa amekwisha kununua dawa mara mbili, na kabichi ziliendelea kunyauka kila mchana na kuinuka tena usiku. Aliombwa arudi na kabichi nzima. Alipoing'oa aliona mizizi imevimba kama tangawizi. Hakuna dawa ya majani inayoweza kuponya mizizi ya namna hiyo.

Ugonjwa huu hukaa udongoni zaidi ya miaka 10, nao hupenda udongo wenye asidi na unyevu mwingi. Huenea kwa miche, kwa jembe na kwa matope ya viatu. Mimea iliyoshikwa ing'oe na kuichoma. Usiitupe katika shimo la mbolea. Mahali hapo usipande kabichi, sukuma wiki wala koliflawa. Panda vitunguu, maharagwe au mahindi. Chokaa ya shamba hupunguza asidi na husaidia, lakini ni vizuri udongo upimwe kwanza ili ujue kiasi.

Hata pasipo na ugonjwa huu, usirudishe jamaa moja ya mboga katika kitanda kile kile. Vitanda vyako 3 vitakusaidia: kimoja sukuma wiki na kabichi, kimoja nyanya, kimoja vitunguu na karoti, navyo vipokezane kila msimu.

NYANYA NA TAABU ZAKE

Nyanya humpa anayeanza mashaka kuliko mboga zote. Zitofautishe taabu hizi tatu.

Ya kwanza ni tunda kuwa na doa jeusi, kavu, lililobonyea, upande wa chini mbali na kikonyo. Huu si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa ya ukungu haina kazi hapa. Mmea umekosa chokaa ndani ya tunda, na mara nyingi sababu yake ni maji: leo umemwagilia sana, kisha umesahau siku tano. Mwagilia kwa kipimo. Wakati wa kiangazi debe moja la lita 20 kwa kila mita mraba 2, mara mbili au tatu kwa wiki, hufaa kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, maana maji kidogo huishia juu na mizizi hubaki na kiu. Ukiwa na shaka, ingiza kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ngoja. Kisha tandaza nyasi kavu juu ya kitanda ili unyevu usipotee.

Ya pili ni majani na mashina kuwa na madoa makubwa ya kahawia, kama yaliyounguzwa na moto, hasa siku za mvua, ukungu na baridi. Wakulima wengi huiita blaiti. Ndio ugonjwa ule ule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Kwa kuwa hushika viazi na nyanya pia, usipande nyanya kando ya shamba la viazi. Funga nyanya kwenye mambo, toa majani ya chini yanayogusa udongo, na umwagilie penye shina bila kulowesha majani. Majani yaliyoshikwa yaondoe mara moja. Huu ni ugonjwa unaoweza kuhitaji dawa, nayo hufaa ikitiwa mapema, kabla kitanda kizima hakijaungua.

Ya tatu ni mmea kunyauka ghafula ukiwa bado wa kijani. Kata kipande cha shina karibu na mizizi, ukishike ndani ya glasi ya maji safi bila kutikisa. Zikitoka nyuzi nyeupe kama maziwa, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na mizizi uuchome, na hapo usipande nyanya, viazi, pilipili wala biringani.

SAKITU

Kwa wakulima wa Kinangop, Ol Kalou na sehemu nyingine za baridi, majani kuwa meusi asubuhi moja, baada ya usiku wenye nyota bila mawingu, ni kazi ya sakitu. Hewa ya baridi huteremka kama maji na kukaa bondeni, basi bustani iwe mahali palipoinuka kidogo. Nyanya na maharagwe huumia kwanza. Kabichi, sukuma wiki na vitunguu huvumilia zaidi. Usiku unaotia mashaka funika miche kwa nyasi au magunia, na uyafunue jua likipanda.

IKILAZIMU KUTUMIA DAWA

Nunua dawa iliyosajiliwa, yenye namba ya PCPB juu ya karatasi yake, kwa ajili ya mboga hiyo na taabu hiyo. Soma siku za kungoja kabla ya kuchuma, na uzihesabu kwa kalenda. Sukuma wiki huchumwa mara kwa mara, kwa hiyo ukinyunyiza kitanda chote mara moja utakosa mboga, au utashawishika kuchuma kabla ya siku kutimia. Dawa ya kupe ya ng'ombe usiitie kabisa katika mboga. Dawa yoyote usiihifadhi katika chupa ya soda, maana mtoto haijui tofauti yake.

UKIJA OFISINI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Taabu ikikushinda, ng'oa mmea mmoja mzima ulioshikwa lakini ambao haujafa, pamoja na mizizi na udongo wake, uufunge katika karatasi au mfuko. Ukiona dalili za mizizi iliyovimba, funga mfuko vizuri ili udongo usidondoke njiani. Njoo pia na majibu ya maswali haya: Taabu ilianza lini? Imeshika mimea yote au sehemu moja ya kitanda? Msimu uliopita palipandwa nini? Umetia samadi gani, na maji mara ngapi kwa wiki? Umekwisha kutia dawa gani? Ukileta karatasi ya dawa hiyo, afadhali zaidi.

Ukiwa na mmea mzima na majibu hayo, Bwana Shamba au Bibi Shamba wa wadi yako ataweza kukusaidia siku hiyo hiyo, na pengine utarudi nyumbani bila kununua dawa yoyote.