Mtihani wa Leo Si Hukumu ya Kesho

Zamani tabibu wa macho hakuachiwa kutia dawa katika macho ya watu kabla ya kutahiniwa. Katika karne ya 12, mwandishi wa Sham aitwaye al-Shayzari alieleza kazi za muhtasib, yaani msimamizi wa soko, na miongoni mwazo ni kuwatahini matabibu hao kwa kitabu cha Hunayn ibn Ishaq cha makala kumi kuhusu jicho. Aliyezijua tabaka za jicho na maradhi yake ndiye aliyeruhusiwa kutibu. Jicho likipofuka huenda lisirudi tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya mtihani.

Hoja hiyo ingali hai. Nchini Marekani, bodi inayothibitisha mabingwa wa macho iliundwa mwaka 1916, na ndiyo ya kwanza kwa fani yoyote ya tiba nchini humo. Daktari anayesomea ubingwa huo hufanya mtihani wa kujipima kila mwaka, uitwao OKAP. Mtihani huu hauna kufaulu wala kuanguka. Humwonyesha amesimama wapi miongoni mwa wenzake. Akimaliza mafunzo, ndipo huikabili bodi, kwanza kwa maswali ya kuchagua jibu, kisha kwa mdomo.

Walimu wao wamejiuliza kwa miaka mingi: je, yawezekana kumjua mapema atakayeanguka mbele ya bodi? Tafiti kadhaa zajibu kuwa yawezekana kwa kiasi. Waliopata alama za juu katika mtihani wa leseni ya udaktari mara nyingi hufanya vyema katika OKAP. Na wanaoshika mkia katika OKAP wamo katika hatari zaidi ya kuanguka katika mtihani wa maandishi wa bodi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Lakini ndugu wasomaji, kutabiri huku si kupiga ramli. Ghaibu aijuaye ni Mwenyezi Mungu peke yake. Tafiti hizo zasema juu ya kundi, wala hazimfungii mtu mmoja mlango. Tena mtihani wa maswali hubashiri mtihani wa maswali. Hausemi mkono wa daktari utatulia vipi anapoondoa mtoto wa jicho, wala kama atakuwa na subira kwa bibi kizee anayeogopa upofu. Wamarekani wenyewe walipoona alama za hatua ya kwanza ya mtihani wa leseni zimegeuzwa chekeche la kuwachuja madaktari vijana, waliziondoa. Tangu Januari 2022 hutangazwa kufaulu au kuanguka tu.

Basi ubashiri una faida gani? Faida yake ni muda. Daktari aliyeonekana dhaifu mwaka wa kwanza bado ana miaka miwili ya kusaidiwa. Mwalimu mwema humketisha, akatazama palipopungua, pengine ni elimu ya nuru na miwani, pengine ni maradhi ya presha ya macho, wakapanga ratiba ya kusoma. Humuuliza pia kama analala, na kama nyumbani kuna mtoto mchanga au mgonjwa anayemlea. Alama iliyoshuka huweza kuwa na kisa ambacho karatasi haikukiandika.

Nasi wazazi tuna la kujifunza. Matokeo ya muhula yakifika nyumbani, ni wepesi kwetu kumwita mtoto mzito wa kichwa mbele ya nduguze, na jina hilo akakua nalo. Tumuulize kwanza ni somo gani limemtatiza na tangu lini. Tumwendee mwalimu wake wa shule au wa madrasa. Tumpunguzie kazi za jioni apate kusoma. Muhula ujao bado haujaandikwa.

Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.