Skrini ya Pili kwa Umeme wa Jua

Katika ofisi ya zoni ya afya, iwe Kasongo au Kabambare huku mashariki mwa Kongo, anayeingiza ripoti ya mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, anahitaji kuona mambo mawili kwa pamoja: fomu anayoijaza na jedwali la miezi iliyopita, ili namba ya ajabu imshtue kabla haijatumwa. Kwenye skrini ndogo ya kompyuta ya mapajani madirisha hayo hufunikana, naye hubeba namba kichwani kutoka moja hadi jingine. Makosa huzaliwa hapo. Skrini ya nje inastahili gharama yake. Nasisitiza tu kwamba huku, ambako kazi inategemea paneli na jenereta, iwe moja, si mbili.

Msimamo huo unatokana na hesabu ya umeme. Paneli ya wati 100 ikipata saa nne za jua kali ingetoa wati-saa 400, lakini joto, vumbi, betri na inveta hula fungu lao; ni salama kupanga kazi kwa 300. Kompyuta ya wati 30 ikiwaka saa sita inamaliza 180. Skrini ya LED ya inchi 22, yenye wati 20, inachukua 120, na akiba imekwisha. Ukiongeza nyingine, deni linaiangukia betri, na betri ya risasi inayokaushwa kila siku hufa mapema mno. Skrini bapa za zamani zinazomulikwa kwa mirija ni mbaya zaidi: moja inaweza kula wati 40, sawa na mbili za LED. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Wapo watakaosema kompyuta yao ina tundu la HDMI na la VGA, basi yatumike yote. Wingi wa matundu si uwezo wa chipu ya picha. Chipu za Intel za kizazi cha pili, za 2011, huendesha skrini mbili tu, ikihesabiwa ile ya kompyuta yenyewe. Kizazi cha tatu, cha 2012, kilifikisha tatu, tena kwa masharti. MacBook Air ya M1, ya 2020, inakubali moja tu ya nje. Kigawanyi cha HDMI kinarudia picha ileile, kwa hiyo kinafaa darasani, si hapa. Adapta ya DisplayLink huongeza skrini kweli, ila inataka programu yake, na huitwisha prosesa mzigo unaolipwa kwa umeme.

Pingamizi zito ni hili: ripoti za vituo huja kwa karatasi, na karatasi haili umeme. Ni kweli, kwa kunakili karatasi inatosha. Kulinganisha ndiko kunakohitaji miezi mingi mbele ya macho, na kuchapisha yote hayo kila mwezi kunamaliza wino. Wengine watafunga kompyuta ili waweke mbili za nje. Skrini yake ikizimwa huokoa wati chache tu, si 20. Ukishaunganisha ile moja ya nje, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kupanua badala ya kurudufu, kisha punguza mwanga wa skrini zote mbili. Siku ya mawingu chomoa ile ya nje, ugawe dirisha nusu kwa nusu.