Laini ya Simu ni Ufunguo wa Taarifa Zako, Usiukabidhi kwa Tapeli

Zamani aliyeibiwa simu alihesabu hasara ya kifaa pekee. Leo namba moja ya simu hubeba akiba ya fedha, akaunti ya benki, barua pepe na mitandao ya kijamii ya mwenye nayo. Anayeimiliki namba hiyo hata kwa dakika chache anaweza kuingia kote huko.

Utapeli mwingi hauhitaji utaalamu wa kuvunja mitambo. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi bila kuchagua, ukimsubiri yule ambaye kweli alikuwa akijiandaa kumtumia mtu fedha. Mwingine hupiga simu akijitambulisha kuwa mtoa huduma, kisha huomba namba ya siri. Kampuni za simu nchini hutumia namba 100 kuwasiliana na wateja wao, na hakuna mtumishi halali anayehitaji namba yako ya siri.

Hatari kubwa zaidi ni tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi. Tapeli huandika namba yako kwenye simu yake ili kufungua akaunti yako ya WhatsApp, kisha hukuomba umsomee tarakimu sita "zilizotumwa kwako kwa bahati mbaya". Ukizisoma, akaunti inahamia kwake, naye huanza kuwakopa ndugu na marafiki kwa jina lako. Kinga yake ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya programu hiyo.

Wapo pia wanaohamisha laini nzima. Wakishapata namba ya Kitambulisho cha Taifa na taarifa nyingine za mhusika, hujaribu kumshawishi wakala aitoe laini upya. Mtandao ukikatika ghafla kwenye simu yako huku simu za walio karibu nawe zikifanya kazi, usisubiri. Tumia simu nyingine kuwataarifu mtoa huduma na benki yako ili laini na akaunti zifungwe.

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, kila namba imefungamanishwa na mtu. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ikitumika katika uhalifu, maswali yataanzia kwako. Piga *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa jina lako, na ukikuta usiyoitambua, fika kwa mtoa huduma ili iondolewe. Usikubali kurudia kuweka kidole bila kuelezwa sababu.

Programu za simu nazo zihojiwe kabla ya kuruhusiwa. Programu ya tochi haina haja ya kusoma orodha ya majina katika simu yako. Baadhi ya programu za mikopo huchukua orodha hiyo na kuitumia kuwadhalilisha wakopaji mbele ya jamaa zao. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Faragha ni haki inayotambuliwa na Ibara ya 16 ya Katiba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa zako aeleze lengo lake na azitumie kwa lengo hilo. Unayo haki ya kuomba kuziona, kutaka zisahihishwe pale zilipokosewa, na kuwasilisha malalamiko mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hivyo, mwananchi anapotakiwa kuacha nakala ya kitambulisho, ni halali kuuliza itatumika kwa kazi gani.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo ili namba iliyoutuma ichukuliwe hatua. Ukishapoteza fedha, toa taarifa pia kituo cha Polisi. Wengi hunyamaza kwa kuona aibu, na ukimya huo humpa tapeli nafasi ya kumpigia mwingine kwa namba ileile.