Utaratibu wa Kutambua Chanzo cha Seva Kupoteza Mtandao
Seva inapotoweka mtandaoni, hudhaniwa upesi kuwa imeharibika, nayo huzimwa na kuwashwa upya. Hatua hiyo huweza kufuta dalili ambazo zingeonesha chanzo cha hitilafu. Makala haya yanabainisha kuwa uchunguzi hauna budi kuanzia kwenye waya na kupanda ngazi kwa ngazi.

Kwanza, huangaliwa taa iliyo kwenye tundu la kebo. Ikiwa imezimika, tatizo limo katika kebo, swichi au kadi ya mtandao. Pili, huchunguzwa anwani ya IP. Inayoanza na 169.254 aghalabu huashiria kwamba seva iliomba anwani kwa itifaki ya DHCP, ikakosa jibu, ikajipangia yenyewe. Tatu, hujaribiwa mawasiliano na ruta ambayo ndiyo lango la kutokea, kisha anwani ya mbali, kama vile 8.8.8.8 ya Google. Anwani hiyo ikijibu ilhali majina ya tovuti hayatambuliki, kasoro imo katika mfumo wa DNS, wala si katika njia.

Lango likijibu na anwani za mbali zikawa kimya, huenda kosa liko nje kabisa ya jengo. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani, ingawa seva zenyewe hazikuguswa. Kwa hiyo, kutofikika kwa seva si ushahidi wa ubovu wake. Mpangilio wa uchunguzi ndio unaotenganisha mambo hayo mawili.