Wanafunzi wa vyuo vikuu na urithi wa utamaduni Nyanda za Juu Kusini

Urithi wa utamaduni ni mambo ambayo jamii imeyapokea kutoka kwa vizazi vilivyotangulia. Upo unaoshikika, kama vile majengo, makaburi na zana, na usioshikika, kama vile lugha, ngoma na hadithi. Kuujua kwa jina ni jambo moja. Kujua namna ya kuuhifadhi ni jambo lingine. Tofauti hiyo huonekana katika mikoa ya Iringa na Mbeya, Tanzania, yenye vyuo vikuu kadhaa.

Jina na maarifa

Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa mwaka 2005 mjini Iringa, kina jina la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898. Fuvu linaloaminika kuwa lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga, si mbali na mji. Hata hivyo mwanafunzi aweza kulitaja jina hilo kila siku bila kufika Kalenga.

Mfano wa Isimila

Isimila iko kilomita 20 hivi kutoka Iringa, karibu na barabara ya Mbeya. Mmomonyoko wa udongo umefichua humo zana za Zama za Mawe. Mwaka 1951 mpita njia aliokota baadhi yake, na wataalamu wakaifahamu Isimila. F. Clark Howell aliongoza uchimbaji huko mwaka 1957 na 1958.

Kuokota kulikoleta ujuzi wakati ule, leo huuharibu. Mwanaakiolojia hasomi jiwe peke yake: husoma pia tabaka la udongo, kina chake na vitu vilivyo jirani. Jiwe likitiwa mfukoni kama kumbukumbu ya safari, umbo lake hubaki lakini habari zake hupotea, hata likirudishwa baadaye.

Sheria na elimu

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wake huhitaji kibali. Anayekuta zana ya kale anatakiwa kuiacha mahali pake, kupiga picha na kutoa taarifa kwa mamlaka.

Kupitia mradi wa Fahari Yetu, Chuo Kikuu cha Iringa kilishiriki kuligeuza boma la Wajerumani kuwa makumbusho ya mkoa, yaliyofunguliwa mwaka 2016.

Elimu hiyo si ya wanahistoria tu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hufundisha wahandisi, na mhandisi wa barabara huweza kufukua mambo ya kale kabla ya mwanaakiolojia yeyote kufika. Asipoyatambua, tingatinga litayafukia kwa siku moja.