Bima ya Afya kwa Mzee wa Wete

Mzee wa Wete, kisiwani Pemba, aliyetimiza miaka sabini, ambaye umri wake wote aliutumia katika kuchuma karafuu na kuvua samaki, asipate kuandikwa katika daftari la mishahara hata mwezi mmoja, amezoea kuamini kwamba matibabu ni haki yake bila ya malipo, kwa sababu Serikali ya Mapinduzi ilitangaza hivyo mwaka 1965, na tangazo lile lilikuwa na fadhila kubwa. Walakini huyo huyo anajua kwamba dawa isiyopatikana hospitalini hununuliwa dukani kwa fedha taslimu, na kwamba maradhi makubwa humvusha mtu bahari kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako nauli na malazi ya anayemuuguza havimo katika tangazo lolote.

Kwa ajili ya upungufu kama huo ilitungwa Sheria namba 1 ya mwaka 2023 iliyounda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ambao ulianza na watumishi wa umma, kwa kuwa mchango wa mwenye mshahara hukatwa kabla haujafika mkononi mwake. Mkulima na mvuvi hawana wa kuwakatia. Na hapo ndipo penye uzito.

Bima husimama juu ya wazima wengi kuwalipia wagonjwa wachache. Watu wakiachiwa hiari, aghalabu kijana hujiona ana siha akajitenga, na shaibu mwenye sukari na shinikizo la damu akaja mbio, mfuko ukaelemewa. Bara walilishuhudia jambo hili: vifurushi vya hiari vya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, vilivyotolewa mwaka 2019, vilipangwa kwa umri, na aliyepita miaka 60 alitakiwa kulipa zaidi kuliko kijana. Kwa rai yangu, mpango unaomtoza mtu zaidi pale nguvu za kuchuma zinapomwishia hauna insafu, na dawa yake ni kuwaingiza wote tangu ujanani. Bara nao walitunga sheria ya bima kwa wote mwaka 2023. Ila afya si jambo la Muungano, basi anayehamia kwa mwanawe Dar es Salaam asidhani kuwa utaratibu ni mmoja.

Wengine huchanganya bima na Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa kila mkaazi wa Zanzibar aliyefika miaka 70, awe alichangia au hakuchangia, kwa shilingi 20,000 kila mwezi hapo mwanzo. Ile ni posho ya kujikimu, wala haimlipii mtu kitanda cha hospitali.

Kinachowataabisha wazee, pengine kuliko ada yenyewe, ni karatasi. Wengi walizaliwa nyumbani, mwaka wao ukakumbukwa kwa msimu wa karafuu; mmoja ni Khamis katika cheti, Hamisi katika kitambulisho, na mtaani hajulikani ila kwa lakabu. Basi enyi wana, mpelekeni mzee kwa sheha angali mzima, majina yasawazishwe na kitambulisho cha Mzanzibari kiwe tayari. Na aliye mtumishi wa serikali aulize kazini kwake ni nani katika jamaa zake anayeruhusiwa kuandikwa pamoja naye.